Maji Nayo Yana Tarehe

Kiwandani, 2 Februari

Dada yangu mpendwa,

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, yaani wewe, kwamba leo saa nne na robo asubuhi, mbele ya mashahidi wawili, birika na kalenda ya mwaka jana, mdogo wako amegoma. Kalamu nyekundu imewekwa chini. Kazi imesimama. Hakuna aliyegundua.

Kisa ni hiki. Kiwanda chetu kinachapa kamusi ya Kiingereza kwa ajili ya shule, na kama kawaida prufu, zile karatasi za majaribio, zinapita kwangu nizisahihishe. Mtungaji alituachia mswada akaenda kustaafu mahali pasipo na anwani. Nimefika kwenye neno coast, ameandika: pwani. Sawa. Leo nimefika kwenye shore, ameandika: pwani. Hapo ndipo nilipogoma. Kiingereza changu nimekiokota kwenye prufu za watu, nikianzia na lebo ya dawa ya kikohozi, kwa hiyo sijui mengi. Lakini najua hakuna lugha inayoajiri walinzi wawili kwa mlango mmoja. Lazima mmoja analinda kitu kingine.

Wewe unaishi kando ya bahari. Mimi bahari naijua kwa tarakimu tu, kila mwaka ninaposahihisha kile kijitabu cha saa za maji kujaa na kupwa. Hebu nisaidie. Ukisimama mbele ya nyumba, coast ni ipi na shore ni ipi?

Zimebaki siku mia moja na arobaini na nane nistaafu. Chumba cha nyuma, chenye dirisha la kutazama maji, usimpe mtu. Nimeshaamua kitanda kitakaa upande gani.

Mdogo wako,
Msahihishaji


Nyumbani, 14 Februari

Mdogo wangu,

Tangazo limepokelewa. Nilisimama dakika moja kwa heshima ya kalamu yako, halafu goti likaniomba nikae.

Umemuuliza mtu sahihi. Ile miaka ishirini na sita niliyokaa nikiunganisha simu, zilikuwamo na za melini. Nahodha aliye mbali alisema, "Tunaiona coast." Hata mmoja sikumsikia akisema anaiona shore, mpaka awe karibu kabisa, anatafuta viatu. Kwa hiyo nakwambia hivi: coast unaionyesha kwa kidole, shore unaikanyaga, nayo inakuchafua miguu. Coast iko kwenye ramani, ina jina, watu wanaigombania. Shore haina jina. Ni pale tu maji yalipofikia leo.

Marehemu shemeji yako alikulia kando ya ziwa. Alikuwa akisema kwao wana shore ila coast hawana. Nami nilimjibu, ndiyo maana hamjui kujidai. Alicheka hadi akapaliwa. Sijui kwa nini nimekumbuka hilo leo.

Neno letu nalo lisikuchanganye. Pwani ni pale maji yanapokupwa, hivyo lilizaliwa likiwa shore, ndipo likapandishwa cheo hadi coast. Kama wewe, ulivyoanza kwa kufagia kiwanda.

Chumba chako? Kiko vilevile nilivyokiacha. Hakuna aliyehamia, naweza kukuapia.

Barua uendelee kutuma kwa sanduku la posta la Mama Duka, yule jirani. Posta na mimi tumeshastaafishana, na ukisikia ninataka simu ujue nimeumwa.

Dada yako


Kiwandani, 25 Februari

Dada,

Nimeisoma barua yako kwa rula, mstari kwa mstari, na sikupata kosa hata moja isipokuwa lile la kufagia. Nilikuwa nikipanga karatasi.

Nilimpelekea meneja. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi:

"Mzee, nani atakufa kwa ajili ya shore?"

"Hakuna, bosi."

"Basi tuchape."

"Wanafunzi elfu ishirini watajifunza kosa, bosi."

Akanitazama kama mtu anayetazama mvua. Akasema nikileta sentensi moja ya mfano, fupi, ya kweli, kutoka kwa mtu aliyeona kwa macho yake, atabadilisha. Ukurasa unafungwa mwisho wa Machi.

Kwa hiyo nakuomba, shuka hadi majini asubuhi moja uniandikie ulichokiona. Weka tarehe na saa. Unanijua, kitu kisicho na tarehe siwezi kukiamini.

Jumapili huku ni ndefu. Mashine zikizimwa nasikia saa ya ukutani ya ofisi ya chini. Nimeanza kuijibu.

Mdogo wako


Nyumbani, 8 Machi

Mdogo wangu,

Agizo limetekelezwa. Jana Jumamosi, tarehe 7 Machi, saa kumi na mbili asubuhi, nilishuka na kanga mabegani. Maji yalikuwa yametoka kabisa, yamekwenda huko yanakokwenda. Nilitembea juu ya mchanga mgumu ule wenye mikunjo kama paji la uso la meneja wako, hadi kwenye mwamba wa mbali unaofanana na mkate ulioungua. Viatu nilivishika mkononi. Kaa wadogo walikimbia kila nilipoweka mguu, kila mmoja na shimo lake, hakuna aliyekosea mlango.

Nikageuka kutazama nyuma. Nyumba ilikuwa ndogo, na dirisha lako lilikuwa linang'aa. Nikasema, yote ile ninayoiona, kuanzia mnara hadi kwenye minazi, ni coast. Na hapa nilipo na miguu iliyolowa ni shore, na baada ya saa sita patakuwa si mahali tena.

Sentensi yako hii hapa: "Alisimama shore akaitazama coast." Mpe meneja.

Nilikaa pale juu ya mwamba hadi jua likawa kali. Ungekuwepo ungepapenda.

Dada yako


Kiwandani, 18 Machi

Dada,

Sentensi imekubaliwa. Meneja aliisoma mara mbili akasema, "Kumbe." Kwake hilo ni hotuba.

Lakini barua yako imeniokoa na aibu kubwa kuliko hiyo, na nakushukuru. Nilipoisoma nilikuwa na kijitabu cha maji mezani. Nikafungua Machi, tarehe 7, kwa kujifurahisha tu, nione umetembea saa ngapi. Kijitabu kinasema saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi maji yamejaa. Yamejaa, Dada! Na wewe saa hiyohiyo umefika kwenye mwamba kwa miguu, viatu mkononi!

Nilikaa chini. Maana yake ni moja tu. Wapanga herufi wamebadilisha safu: ya kujaa imekaa kwenye kupwa, ya kupwa imekaa kwenye kujaa, na mimi nikapitisha. Ukurasa una sahihi yangu pembeni. Kijitabu kinatumiwa na kila nahodha wa chombo kidogo. Ungesema nini?

Nilikwenda kwa meneja nikakiri. Akauliza, "Una hakika?" Nikamwambia nina shahidi aliyekuwepo. Miaka thelathini na moja sijawahi kuomba karatasi ya masahihisho, ndiyo maana hakuniuliza zaidi. Imechapwa jana, imepelekwa bandarini na kwa wote: "Kwa mwezi wa Machi, safu ya maji kujaa isomwe kupwa, na ya kupwa isomwe kujaa."

Kati ya kijitabu na macho yako, naamini macho yako.

Mdogo wako


Dukani, 27 Machi

Kwako Mama,

Salamu nyingi. Naambatanisha barua ya mdogo wako. Ilifika bahasha imefunguka, gundi za siku hizi unazijua, nikaisoma kwa bahati mbaya. Mara mbili.

Mama, mimi nauza sabuni na vibiriti. Tangu Septemba unanitumia barua zake ndani ya bahasha yangu, nabandika stempu ya huku, naziweka kwenye boksi la posta ili mdogo wako aone mhuri wa hapa. Nilikubali kwa sababu ulilia dukani kwangu siku ile nyumba ilipokwenda, na mimi nikiona mtu mzima analia nakubali chochote. Lakini sasa imetosha.

Ile karatasi ya masahihisho imefika bandarini kwetu. Wenye meli kubwa waliicheka, wana vipimo vyao. Ila chombo kimoja cha abiria kikaiamini. Juzi Jumatano kimeingia kwenye mlango wa maji kikidhani yanajaa, kumbe yanatoka. Kimekaa juu ya tope saa sita kimelalia ubavu, abiria arobaini ndani, mmoja wao mjamzito. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema, lakini watu wanauliza nani aliyeandika upuuzi ule.

Jumamosi ya tarehe 7 Mama hukuwa juu ya mwamba. Ulikuwa huko bara kwenye chumba chako cha kupanga. Mwambie. Usipomwambia wewe, mimi mdomo wangu unaujua.

Ni mimi jirani yako wa zamani,
Mama Duka


Kiwandani, 4 Aprili

Dada,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, maana kiti kimeshachukuliwa.

Bandari imeandika barua. Kijitabu kilikuwa sahihi, kila dakika. Karatasi ya masahihisho ndiyo kosa. Chombo kimekwama na watu ndani. Meneja aliweka barua mbele yangu, akasema kwa upole, na afadhali angepiga kelele: "Mzee, huyo shahidi wako ni nani?" Nikasema sikumbuki. Nimesahihisha maneno ya watu maisha yangu yote na hilo ndilo jibu nililopata.

Nimeachishwa kazi. Siku themanini na saba kabla ya siku yenyewe. Kamusi imekwenda mashineni bila mimi. Mtu mpya alirudisha kila kitu kama kilivyokuwa kwenye mswada. Coast, pwani. Shore, pwani.

Sikulaumu. Huenda ulichanganya siku, huenda saa yako imesimama. Ila nimekuwa nikijiuliza jambo moja usiku na mchana, nalo nitakuuliza uso kwa uso.

Chumba cha kiwanda nimeshakabidhi ufunguo, kwa hiyo usiandike tena hapa. Hadi siku ya safari nalala kwa fundi mitambo, asiye na sanduku la posta wala nafasi. Treni inaondoka tarehe 16. Jumamosi ya 18 nitashuka. Usije stesheni, goti lako nalijua. Njia ya nyumbani nitamuuliza Mama Duka.

Nimebaki na wewe tu na kile chumba.

Mdogo wako


12 Aprili
Ikabidhiwe mkononi mwa mdogo wangu, kwa Mama Duka

Mdogo wangu,

Ukisoma hii utakuwa umeshafika dukani na Mama Duka amekukalisha kwenye gunia. Kaa. Usiende nyumbani. Hakuna nyumbani.

Ilikwenda Septemba. Kwanza jiko, asubuhi moja nikiwa nachemsha chai. Nilisikia kama mtu anaburuta kabati, nikageuka nikaona bahari mahali palipokuwa na ukuta. Nilizima jiko, uone nilivyo mjinga, nikazima jiko ambalo lilikuwa linaondoka. Wiki hiyohiyo watu wa halmashauri wakaja wakapiga alama nyekundu kwenye kilichobaki. Kijana wao mmoja akaniambia, "Bibi, pwani haijaenda popote, ni ufuo tu umesogea." Kwa hiyo ulipoandika Februari kuuliza tofauti, jibu nilikuwa nalo tayari, ila neno lenyewe, ufuo, sikuthubutu kukuandikia. Nililisoma nyumbani kwangu.

Nilikuwa nakuja kwako. Nilifunga sanduku moja. Kabla sijaondoka Mama Duka akanipa barua yako ya wiki ile, nikaisomea safarini. Ulikuwa umechora chumba cha nyuma, na kitanda, na mshale unaoonyesha mto utakaa wapi. Umeandika chini: "Hiki ndicho kinachonifanya niamke." Nikashuka njiani. Sikuweza kuja kukaa mbele ya mtu yule nikiwa na sanduku.

Nilisema moyoni, nitamwambia wiki ijayo. Nimesema hivyo miezi saba.

Ile asubuhi ya mwamba ilikuwa kweli. Maji yalikuwa nje, kaa walikimbia, dirisha liling'aa. Ila ilikuwa miaka mitatu nyuma, na shemeji yako alikuwa ameshika viatu vyangu. Wewe uliomba tarehe, nami nikabandika ya jana. Kijitabu chako nilikisahau kabisa. Nilidhani maji ni maji. Sikujua maji nayo yana tarehe.

Nimekuachisha kazi. Nimekaribia kuzamisha watu arobaini na mtoto asiyezaliwa. Kwa sababu ya dirisha.

Dada yako


Dukani, 20 Aprili

Dada,

Mama Duka ameniweka stoo, katikati ya sabuni. Nanuka kama mtu aliyetubu.

Barua yako alinipa baada ya chai. "Kunywa kwanza," alisema, "halafu usinilaumu." Nilikasirika mpaka saa tano. Baada ya hapo nikakosa wa kumkasirikia, maana hukuwepo. Nikashuka majini.

Nyumba nimeiona. Ukuta mmoja umesimama, wa chumba cha nyuma, una msumari. Dirisha ni tundu, na ajabu, bado linatazama maji, ila sasa kutoka pande zote mbili. Nilikuwa na kijitabu mfukoni. Kilisema maji yatajaa saa sita na dakika kumi na mbili. Nikakaa kwenye jiwe na saa yangu. Saa sita na dakika kumi na mbili maji yalifika kwenye kizingiti cha sebule, yakasimama, yakaanza kurudi. Dakika ileile, Dada. Miaka thelathini na moja ninasahihisha tarakimu zile, na ilikuwa mara ya kwanza kuziona zikitokea. Niligeuka nimwonyeshe mtu. Hapakuwa na mtu.

Nahodha wa kile chombo yupo hapa. Nilimfuata nikamwambia mimi ndiye. Alinitazama juu hadi chini akasema, "Wewe? Nilidhani ni mtu mkubwa zaidi." Tukaishia kupeana mikono. Yule mjamzito alijifungua wiki iliyopita, salama, nchi kavu.

Swali nililotaka kukuuliza uso kwa uso ni hili: mbona barua zako tangu Septemba hazitaji hata mara moja sauti ya mawimbi? Zamani kila barua ulikuwa ukiyalalamikia. Niliona. Kazi yangu ni kuona kilichokosekana kwenye mstari. Niliona na nikapitisha, kwa kuwa nilikitaka kile chumba. Kwa hiyo karatasi ile ina sahihi za watu wawili.

Sasa sina kazi, wewe huna nyumba, na hakuna hata mmoja wetu mwenye cha kumficha mwenzake. Niambie uko wapi. Mama Duka hataki, ati ulimwapisha. Nitakuja. Hata kama ni siku tatu za safari, hata kama ni kwa miguu sehemu ya mwisho. Niambie tu nishuke wapi.

Mdogo wako


26 Aprili

Mdogo wangu,

Mama Duka nilimwapisha kweli. Sasa nasema mwenyewe.

Niko kwenye chumba juu ya duka la dawa. Kina dirisha linalotazama karakana ya baiskeli. Mwenye duka ananiita Bibi wa Juu. Siku nzima mtu akiniuliza kitu huwa ni kama nimefunga mlango wa ngazi.

Novemba nilikuja kwenu kiwandani. Nilijiambia ndiyo siku. Ulikuwa dirishani ghorofa ya pili, miwani imeshuka puani, unacheka peke yako na karatasi. Sijui waliandika nini. Mlinzi akaniuliza, "Mama, unamtafuta nani?" Nikamwambia nimepotea njia. Akanielekeza vizuri sana hadi kituoni, hata akanisindikiza.

Na tarehe 16 nilikwenda kuitazama treni yako. Inasimama hapa dakika sita. Ulikuwa behewa la tatu, umelala, mdomo wazi, kofia magotini. Barua yangu ilikuwa imeshatangulia kwa Mama Duka. Nilitembea hadi kwenye kioo. Nilinyoosha mkono nigonge, nikafikiria la kusema utakapoamka, na nilipolipata treni ilikuwa imeondoka.

Njoo. Nina birika, kitanda, na godoro la pili nimeliazima kwa mwenye duka. Panda treni ileile uliyoendea, ushuke mji wa pili kabla ya wako.

Kutoka kiwandani kwenu hadi mlangoni kwangu ni dakika arobaini kwa basi.

Dada yako